Aina za Terminali na Mipangilio ya Skrini katika VistA: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wa pande mbili: wauguzi, wafamasia, madaktari na makarani wanaofungua VistA kwenye skrini ya maandishi (terminali), na wasimamizi wa mfumo wanaopigiwa simu skrini hiyo inapovurugika. Karibu kila jibu hapa chini linatokana na jambo moja: seva haiioni skrini yako. Inaandika kwa kufuata maelezo iliyopewa kuhusu skrini hiyo. Maelezo yakikosewa, taarifa za mgonjwa zitaonekana vibaya ingawa zimehifadhiwa salama. Nalisema mapema kwa sababu watu wengi huanza kuzishuku data wakati kosa liko kwenye dirisha.

Majina ya mafaili na maswali ya mfumo yameachwa yalivyo kwenye skrini, ili uyatambue ukikutana nayo.

VistA ni mfumo gani, na kwa nini bado una skrini ya maandishi?

Ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa na idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia wanajeshi wa zamani. Umeandikwa kwa MUMPS, lugha ya kompyuta iliyozaliwa katika hospitali ya Massachusetts General miaka ya 1960. Una ndugu yake anayeitwa RPMS, anayetumiwa na Indian Health Service, idara ya Marekani inayowahudumia wenyeji wa asili wa nchi hiyo, na Jordan nayo iliujenga mpango wake wa Hakeem juu ya VistA.

Madaktari wengi hutumia CPRS, sura ya VistA yenye madirisha na kipanya. Lakini sehemu kubwa ya kazi za maabara, famasia, usajili na usimamizi wa mfumo wenyewe bado hufanyika kwa maandishi, na hapo ndipo aina ya terminali inapokuwa na umuhimu.

"Aina ya terminali" ni nini hasa?

Ni rekodi moja ndani ya faili la TERMINAL TYPE, ambalo namba yake ni 3.2. Rekodi hiyo inaiambia seva mambo ya kifaa kitakachoonyesha maandishi: upana wake ni herufi ngapi, ukurasa una mistari mingapi, skrini inafutwaje, kishale kinapelekwaje mahali fulani, na herufi nzito au rangi zilizogeuzwa zinawashwa na kuzimwa kwa msimbo gani.

Chukua C-VT100, iliyozoeleka kuliko zote. Upana wake ni 80 na urefu wa ukurasa ni 24. Msimbo wake wa kufungua ukurasa mpya huandikwa hivi:

#,$C(27,91,50,74,27,91,72)

Kila namba ni msimbo wa herufi moja, na 27 ni herufi ya ESC. Nne za kwanza humaanisha "futa skrini yote", na tatu zilizobaki humaanisha "rudisha kishale juu kushoto". VT100 yenyewe ilikuwa mashine ya kampuni ya Digital Equipment Corporation, iliyotoka mwaka 1978. Mashine hizo zimeondoka mezani, lakini misimbo yake ndiyo inayoeleweka hadi leo na PuTTY na programu nyingine za terminali.

Kuna tofauti gani kati ya TERMINAL TYPE na DEVICE?

DEVICE, faili namba 3.5, husema kifaa ni kipi na kinafikiwa kwa njia gani. TERMINAL TYPE husema kifaa cha namna hiyo kina tabia gani. Rekodi ya DEVICE huelekeza kwenye aina yake kupitia sehemu iitwayo SUBTYPE. Kwa hiyo printa kumi zinazofanana zitakuwa na rekodi kumi za DEVICE lakini aina moja tu ya terminali. Ukibadilisha aina hiyo, umezigusa zote kumi kwa mpigo.

Nichague aina gani?

C-VT100, isipokuwa kama msimamizi wako amekuelekeza vingine. C-VT320 nayo hufanya kazi vizuri kwenye programu nyingi za kisasa. Usichague kwa kubahatisha kutoka kwenye orodha ndefu.

Hizo herufi C- na P- mwanzoni mwa jina zina kazi gani?

Zina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. C- ni ya skrini na P- ni ya printa, na programu nyingi za VistA huzisoma herufi hizo mbili kabla ya kuamua zikuonyesheje ripoti. Zikikuta C-, husimama ukurasa unapojaa na kukuomba ubonyeze RETURN ili kuendelea, au alama ya ^ ili kutoka. Zikikuta kitu kingine, huamini kwamba zinaandika kwenye karatasi, na karatasi haina haja ya kusubiriwa.

Sasa fikiria msimamizi ametengeneza aina mpya akaipa jina lisiloanza na C-. Rangi ziko sawa, upana uko sawa, kila kitu kinapendeza. Muuguzi anafungua orodha ya dawa yenye kurasa tatu, kurasa zinapita kwa kasi, na kinachobaki mbele yake ni ukurasa wa mwisho peke yake. Hakuna onyo lolote linalotokea. Dawa zilizokuwa ukurasa wa kwanza hakuziona, na huenda asijue kwamba zilikuwapo. Ndiyo maana nasisitiza: jina la aina ya terminali ni sehemu ya mpangilio wenyewe. Aina yoyote ya skrini ianze na C-.

Kwa nini naulizwa aina ya terminali kila ninapoingia?

Swali lenyewe huonekana hivi:

Select TERMINAL TYPE NAME: C-VT100//

Kilichoandikwa kabla ya mikwaju miwili ni jibu ambalo mfumo unapendekeza. Ukiridhika nalo, bonyeza Enter tu. Swali hili hutawaliwa na mpangilio uitwao ASK DEVICE TYPE AT SIGN-ON. Upo katika ngazi ya mfumo mzima, na upo pia kwa kila mtumiaji. Ili kubadilisha wa kwako, ingia kwenye User's Toolbox, kisha Edit User Characteristics. Humo utakuta pia AUTO MENU, inayoonyesha orodha ya machaguo bila wewe kuiomba, na TYPE-AHEAD, inayokuruhusu kuandika majibu kabla maswali hayajatokea.

Kama kila siku unatumia kompyuta ileile, zima swali hilo. Kama unahamahama kati ya wodi na ofisi, na kompyuta zimepangwa tofauti, liache.

Nimeingia nikakuta herufi kama [?6c zimejiandika zenyewe. Nimevamiwa?

Hapana. Wakati wa kuingia, seva inaweza kupeleka kwenye skrini yako swali fupi lisiloonekana: wewe ni aina gani? Programu ya terminali hujibu yenyewe. VT100 halisi hujibu kwa [?1;2c, na PuTTY hujibu kwa [?6c, yaani inajitambulisha kama VT102. Seva hulitafuta jibu hilo katika faili la DA RETURN CODES ili ijue ikupe aina ipi ya terminali.

Jibu likichelewa njiani, kwa mfano kwenye mtandao wa polepole, seva huwa imeshaacha kulisubiri na imehamia kwenye swali linalofuata. Jibu linaingia hapo kana kwamba wewe ndiye uliyeliandika. Lifute, kisha ujibu swali upya. Likijirudia kila siku, zima swali la kuingia kama ilivyoelezwa hapo juu. Na kama tatizo ni kwamba seva hailitambui jibu la programu yenu, msimamizi aliongeze katika DA RETURN CODES.

Mistari inavunjika vibaya, au mwisho wa mstari unapotea. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninalotaka kila mtu alisome hata kama hana shida yoyote leo.

Upana wa skrini umeandikwa sehemu tatu. Kuna dirisha lenyewe unaloliona. Kuna mpangilio wa programu ya terminali, unaosema dirisha lina herufi ngapi kwa upana. Na kuna kile ambacho VistA inaamini, yaani RIGHT MARGIN ya aina yako ya terminali. Hizi mbili za mwisho ndizo zinazogombana mara nyingi. Mtu anapunguza dirisha ili apate nafasi ya kuona kitu kingine pembeni, dirisha linabaki na herufi 65, na VistA inaendelea kuandika 80 kwa sababu hakuna aliyeiambia.

Kinachofuata hutegemea mpangilio mmoja mdogo wa programu ya terminali: kama mstari ukijaa, ujikunje kwenda mstari wa chini au la. Ukiwa umewashwa, ziada huangukia chini na jedwali huvurugika. Inaudhi, lakini angalau herufi zote zipo. Ukiwa umezimwa, kila herufi ya ziada huandikwa juu ya ile iliyotangulia kwenye nafasi ya mwisho ya mstari. Hapo umepoteza taarifa, na skrini inaonekana safi kabisa, kama vile hakuna kilichopungua.

Tazama maana yake kwenye majibu ya maabara. Alama ya H humaanisha kipimo kimepanda, L kimeshuka, na nyota pembeni yake humaanisha kimefika kiwango cha hatari. Alama hizo hukaa kulia kwa namba, na kulia zaidi hukaa vizio na viwango vya kawaida. Upande wa kulia ndio wa kwanza kuumia upana unapokosewa. Namba ya potasiamu bila nyota yake bado ni namba sahihi, lakini haimshtui mtu kama inavyopaswa.

Kanuni ni rahisi: upana na urefu vilivyoandikwa katika VistA visizidi vya dirisha lako. Dirisha likiwa kubwa kuliko VistA inavyodhani, utapoteza nafasi tupu tu. VistA ikidhani dirisha ni kubwa kuliko lilivyo, ndipo unapopoteza maandishi. Kwa hiyo weka dirisha 80 kwa 24 au zaidi, washa kujikunja kwa mstari katika PuTTY, na usivute kingo za dirisha katikati ya kazi.

Skrini yangu ni kubwa. Naweza kuona mistari mingi zaidi kwa wakati mmoja?

Kwa ripoti, ndiyo. Mfumo unapouliza DEVICE: HOME//, jibu kwa kutenganisha na nukta mkato: kwanza kifaa, kisha upana, kisha urefu wa ukurasa. HOME;80;50 itakuonyesha mistari 50 kabla ya kusimama, na itahusu ripoti hiyo tu. Hakikisha kwanza dirisha lenyewe lina mistari 50, la sivyo ile ya juu itatoroka kabla hujaisoma.

Kwa skrini zinazojazwa kama fomu, na zile za List Manager zenye kichwa juu na machaguo chini, baki na 80 kwa 24. Zilibuniwa kwa ukubwa huo.

Nataka ripoti nzima itiririke bila kusimama, ili niihifadhi. Inawezekana?

Inawezekana. Washa kunakili kwenye faili katika programu yako ya terminali, kisha kwenye DEVICE jibu 0;132;99999. Sifuri ni skrini yako mwenyewe, 132 ni upana, na namba kubwa ya mwisho huufanya ukurasa uwe mrefu mno kiasi kwamba haujai. Dirisha lako liwe na upana wa herufi 132 pia, kwa sababu zilizoelezwa juu. Ripoti ikiisha, zima kunakili mara moja.

Lakini fahamu ulichokitengeneza: faili la maandishi lenye majina, namba na magonjwa ya watu, lisilo na nenosiri, likikaa kwenye kompyuta ambayo pengine wengine wanaitumia. Lihifadhi pale tu taasisi yako inaporuhusu, na ulifute kazi ikiisha. Nimesikia watu wakisema ni faili la muda tu. Kwa mgonjwa aliyetajwa ndani yake, hakuna cha muda.

Kwenye fomu naambiwa nibonyeze PF1 kisha E ili kuhifadhi. Kibodi yangu haina PF1.

PF1 ilikuwa kitufe cha juu kushoto katika kundi la namba kwenye kibodi za VT100. Kilichopo mahali hapo leo ni Num Lock, na katika PuTTY mara nyingi hicho ndicho kinachofanya kazi ya PF1. Kompyuta ya mkononi isiyo na kundi la namba inahitaji njia nyingine: fungua mipangilio ya PuTTY, sehemu ya Keyboard, na uchague Xterm R6 au VT100+ kwa vitufe vya F. Hapo F1 hutuma msimbo uleule wa PF1.

Katika ScreenMan, sehemu ya VistA inayoonyesha fomu hizo, PF1 kisha E huhifadhi na kutoka. PF1 kisha Q hutoka bila kuhifadhi. Jizoeze tofauti hiyo kwenye akaunti ya mafunzo kabla ya kugusa rekodi ya kweli.

Kitufe cha kufuta nyuma hakifuti.

Programu yako inatuma msimbo mmoja, seva inasubiri mwingine. Katika PuTTY, sehemu ileile ya Keyboard, kuna machaguo mawili ya Backspace: Control-H na Control-? yenye namba 127. Lililochaguliwa likikataa, jaribu la pili, kisha hifadhi mpangilio ili usirudie kesho.

Skrini imeganda ghafla, hakuna kinachoandikika.

Bonyeza Ctrl na Q. Kuna uwezekano mkubwa ulibonyeza Ctrl na S kwa mazoea ya kuhifadhi kazi kwenye programu nyingine. Kwenye terminali, hiyo ni amri ya kusimamisha maandishi, na Ctrl na Q huyaruhusu yaendelee. Isipofaa, ndipo umwite msimamizi. Usifunge dirisha haraka ukiwa katikati ya kurekebisha rekodi ya mgonjwa.

Badala ya mistari ya fremu naona herufi q na x.

Seva imewasha herufi za kuchorea, na programu yako inazionyesha kama herufi za kawaida. Angalia sehemu ya Translation katika PuTTY, ambako seti ya herufi na namna ya kuchora mistari huchaguliwa. Ni kero ya macho tu, data ziko salama.

Macho yangu yanachoka. Naweza kukuza herufi bila kuharibu upana?

Ndiyo, na ufanye hivyo. Katika PuTTY, sehemu ya Window, unaweza kuamua nini kibadilike unapovuta dirisha. Chagua fonti ibadilike badala ya idadi ya mistari na herufi. Ukilikuza dirisha, maandishi yanakua na bado yanabaki 80 kwa 24. Tumia fonti ambayo herufi zote zina upana sawa, kwani bila hivyo majedwali hayatanyooka. Ukipata nafasi, linganisha pia namna sifuri na O, au moja na l, zinavyoonekana katika fonti hiyo. Kwenye dozi, kufanana huko kuna gharama.

Kwa wanaotumia CPRS, ukubwa wa fonti hubadilishwa kwenye menyu ya Edit, chini ya Preferences. Aina ya terminali haihusiki hapo.

Printa inachapa karatasi kwa upande usio sahihi baada ya ripoti fulani.

Aina za P- zina sehemu mbili muhimu: OPEN EXECUTE, inayotumwa kabla ya kuchapa, na CLOSE EXECUTE, inayotumwa baada ya kumaliza. Ripoti pana huigeuza karatasi ilale, na ni kazi ya CLOSE EXECUTE kuirudisha printa katika hali yake ya mwanzo. Kwa printa zinazoelewa lugha ya PCL, ESC ikifuatwa na E hufanya hivyo. Sehemu hiyo ikiachwa tupu, anayechapa baada yako ndiye anayeumia, na huenda anachapa maelekezo ya dawa.

Kuhusu urefu: kwa mistari 6 kwa kila inchi, karatasi ya inchi 11 hubeba mistari 66. Printa za leza huacha ukingo juu na chini, kwa hiyo 60 ni salama zaidi. Ukiona karatasi inatoka imejaa, kisha nyingine inafuata ikiwa na mistari michache tu, punguza urefu wa ukurasa.

Mfumo unanitoa nikikaa kimya kidogo. Je, nao ni mpangilio wa terminali?

Ni TIMED READ, muda ambao mfumo husubiri jibu lako, na huhesabiwa kwa sekunde. Unaweza kuwekwa kwa mtumiaji, kwa kifaa au kwa mfumo mzima, kwa hiyo angalia kote kabla ya kusema haufanyi kazi. Usiurefushe kwenye kompyuta iliyo mahali ambapo wagonjwa na wageni hupita.

Mimi ni msimamizi. Nibadilishe vipi aina ya terminali bila kuvuruga wengine?

Usiiguse C-VT100 yenyewe. Huenda mamia ya watu wanaitegemea bila kujua jina lake. Tengeneza rekodi mpya yenye jina linaloanza na C-, nakili sehemu zote kutoka kwenye ile inayofanya kazi, kisha badilisha kimoja tu. Kagua kwamba SELECTABLE AT SIGN-ON imewashwa, la sivyo watumiaji hawataweza kuichagua wanapoingia.

Fanya hayo kwanza kwenye akaunti ya majaribio. Ripoti ya maandishi pekee haitoshi kuipima, kwa sababu hutumia upana, urefu na kufuta skrini tu. Fungua fomu ya ScreenMan na skrini ya List Manager, usogee juu na chini: hapo ndipo utajua kama msimbo wa kupeleka kishale, wa kufuta hadi mwisho wa mstari na wa kuweka mipaka ya juu na chini imekamilika. Msimbo ukikosekana, utaona mistari ya zamani imebaki chini ya mipya. Kwenye orodha ya dawa hiyo ina maana kwamba mtu anaweza kusoma jina kutoka mstari mmoja na dozi kutoka mwingine.

Ukiridhika, mkalishe mtu mmoja wa famasia au wodini aitumie kwenye kompyuta yake mwenyewe, na dirisha lake kama alivyolizoea. Mwombe akusomee kwa sauti anachokiona mwisho wa kila mstari, nawe ulinganishe na rekodi iliyo kwenye skrini yako.